Spea za Gari Kuukuu: Pesa Kidogo Zianzie Wapi?

Ukiyatazama magari yanayoegeshwa nje ya misikiti yetu ya Mombasa siku ya Ijumaa, utayakuta mengi yamefikia umri wa kuoa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, lakini gari likishavuka lango la Kilindini hapana tena anayelihesabia miaka. Toyota Corolla ya muundo wa 110, iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1995, hata leo yapeleka watoto madrasa, yabeba magunia ya mchele, na siku ya arusi hufungwa riboni ikapita mbele ya msafara. Mwenye gari la namna hii haulizi kama atanunua spea. Auliza ipi kwanza, ya namna gani, na kutoka kwa nani.

Maswali haya hutufikia mara nyingi, na aghalabu huja yamevaa kanzu ya fiqhi. Mtu huanza kwa kutaka hukumu ya kurudisha kitu dukani, nawe ukimsikiliza hadi mwisho wagundua kuwa lililomleta ni pampu ya maji iliyovuja siku ya pili. Sisi si mafundi wa magari. Tumekaa sana kwenye viti vya gereji tukisubiri, tumeuliza, tumesoma vitabu vya watengenezaji, na tumeona pesa za watu wa kipato kidogo zikiishia mahali pasipostahili ilhali mahali pa hatari pameachwa vivi hivi. Ndipo tukaona yafaa jambo hili liandikwe kwa urefu.

Tuchukue nyumba moja ya Kisauni, ambayo imeturuhusu kuyaeleza mambo yake bila kuitaja. Mzee wa nyumba ni mwalimu mstaafu. Gari lake ni Corolla ya 1998, na pesa alizozitenga zilikuwa shilingi 40,000, wala hapakuwa na nyingine za gari hadi upite mwezi wa tatu. Kila Jumamosi familia huenda Kwale kumtazama bibi. Fundi alipolipandisha gari kwenye jeki alitoa orodha yake: pedi za breki za mbele zimebaki kama karatasi, boli jointi ya upande wa kushoto yacheza, matairi mawili ya nyuma yamepasuka mbavuni, shoki za nyuma zavuja mafuta. Kijana wa nyumba naye alikuwa na orodha yake: rimu za inchi 15, taa nyeupe za kisasa, na springi zinyanyuliwe kidogo ili gari lionekane. Mama alizisikiliza orodha zote mbili, kisha akauliza lile ambalo hakuna aliyelifikiri: "Na ile mikanda ya nyuma isiyoshika, ambayo ndipo wanapokaa watoto, itatengenezwa lini?"

Pesa hazikutosha yote, na hapo ndipo penye mtihani. Mpango tunaouona sawa ni huu: vitangulie vile vinavyolisimamisha gari, vinavyoliongoza, vinavyolishika na barabara na vinavyomshika mtu ndani yake. Baada ya hivyo vije vinavyolifanya gari liende, kisha ndipo uje uzuri. Watu wengi huugeuza mpango huu. Injini ikikohoa wanakopa pesa siku hiyo hiyo, na breki zikipiga kelele wanaongeza sauti ya redio. Lakini injini ikifa njiani gari hukaa kando ya barabara na watu wake wakachelewa chakula cha mchana. Breki zikifa, gari ndilo lisilosimama.

Basi tuanze na breki, na tukae nazo.

Barabara ya kutoka Kwale kushuka hadi Kombani ni mteremko wa kilomita kadhaa, na gari lililobeba watu watano huikanyagisha breki sana pale. Joto hupanda kwenye pedi na diski, kisha likasafiri hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani haina upungufu wa unyevu. Ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa povu ndani ya mabomba, na dereva akikanyaga mguu huzama chini kama aliyekanyaga sifongo. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila miaka miwili. Kopo la DOT 4, ambalo hustahimili joto zaidi na laweza kuchanganywa na DOT 3, si ghali ukilinganisha na uzito wa kazi yake, na hili ndilo boresho la kwanza tunalompendekezea mwenye gari kuukuu. Mafuta ya DOT 5 ni ya asili nyingine kabisa, ya silikoni, nayo yasitiwe humo hata kama kopo lake lapendeza na namba yake ni kubwa.

Pedi zenyewe zibadilishwe kwa ekseli nzima, kulia na kushoto, hata kama upande mmoja bado una nyama. Ukiona unene uliobaki wakaribia milimita 3, usingoje mshahara mwingine. Fundi aangalie pia unene wa diski: kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa aghalabu kimepigwa mhuri kwenye diski yenyewe, na ikishapita hapo hakuna pedi itakayoiokoa. Kisha avue dramu za nyuma. Watu husahau nyuma kwa kuwa hakupigi kelele, ilhali kwa magari mengi ya aina hii breki ya mkono imefungamana na dramu hizo. Anayetaka kuipima na aingie foleni ya feri ya Likoni, asimame kwenye mteremko wa gati nyuma ya lori na mbele ya mkokoteni. Mabomba ya chuma na hozi za mpira pia yatazamwe, maana chumvi ya bahari huvila vyuma vya chini ya gari kimya kimya, hasa kwa wanaoishi karibu na ufuo wa Nyali, Bamburi, Mtwapa na Diani. Bomba lililofanya kutu likapakwa rangi limefichwa tu.

Mwalimu wetu alipoingia dukani alipokelewa kwa heshima.

"Karibu, mwalimu. Pedi wataka jenuini au za kawaida?"

"Za kawaida ni za nani?"

"Ni za kawaida tu, mwalimu. Watu wote wanunua hizo."

Jibu hilo lina adabu lakini halina habari. Neno "kawaida" katika maduka yetu limefunika vitu vinne au vitano visivyofanana, na mnunuzi asipovipambanua atalipa bei ya kimoja akapewa kingine. Kuna spea inayouzwa kwenye boksi la kampuni iliyounda gari. Kuna ile inayotengenezwa na kiwanda kilekile kinachoiuzia kampuni hiyo, ila boksi lake ni la kiwanda: Denso na Aisin, mathalan, ni viwanda vinavyoipa Toyota sehemu nyingi, na KYB ni jina la siku nyingi katika shoki. Hizi mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu kuliko za boksi la gari, nazo ndizo tunazoziona zinafaa zaidi kwa mfuko wa kawaida. Kuna za viwanda huru, ambavyo havijawahi kuiuzia kampuni ya gari chochote; baadhi yavyo ni vizuri sana, baadhi ni vya kubahatisha, na jina la kiwanda pamoja na sifa yake mjini ndivyo vitakavyokuongoza. Kisha kuna bandia, ambayo imeandikwa jina la mwingine. Hiyo si spea ya bei nafuu. Ni uongo uliotiwa kwenye boksi, na Kenya ina sheria mahsusi ya mwaka 2008 inayoufanya biashara hiyo kuwa kosa. Majina yanayoigwa ni yale yanayoaminiwa. Hakuna anayejisumbua kuiga jina lisilojulikana.

Pa kuanzia kujikinga ni namba. Spea za Toyota hutambulishwa kwa namba ya tarakimu na herufi kumi, tano kisha kistari kisha tano. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya kitu: 04465 ni pedi za mbele, 04495 ni zile za ndani ya dramu za nyuma. Sehemu ya pili hutaja ni ya gari lipi hasa. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa kuwa mtu huingia dukani akasema tu "nipe ya mia na kumi". Hiyo "mia na kumi" ni ukoo mzima. Ukifungua boneti ukasoma kibati, utakuta pengine ni AE110, yenye injini ya 5A ya lita moja na nusu. Au ni EE111, yenye injini ndogo ya 4E ya lita 1.3, au ni AE111, ya lita 1.6. Kwa nje zafanana kama watoto wa tumbo moja, na spea zao nyingi haziingiliani. Piga picha ya kibati hicho kwa simu yako, uwe nayo daima. Muuzaji mwenye ujuzi ataitumia namba ya chesisi kutafuta namba ya spea kwenye katalogi, na asiyetaka hata kuitazama amekwisha kukueleza yeye ni muuzaji wa namna gani.

Dalili nyingine zipo, ingawa hakuna moja inayotosha peke yake: chapa iliyofifia au yenye kosa la herufi, namba ya kwenye boksi isiyolingana na ile iliyopigwa kwenye chuma, kingo zilizokwaruza, uzito mdogo kuliko wa ile ya zamani. Beba ile ya zamani dukani, uziweke mkononi pamoja. Na bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine matatu, jiulize nusu ya pili imekatwa wapi.

Sasa tuje kwenye mtumba, maana pwani hatuwezi kuzungumzia spea tukaunyamazia. Kuna zile zinazoitwa eks-Japani, zinazokuja kwa kontena baada ya magari kuvunjwa huko, na kuna zinazopitia Ghuba. Sharjah ina soko kubwa la spea zilizotumika, na wafanyabiashara wetu wamezoea safari hiyo. Hatuoni aibu wala hatari katika mlango, kioo, kiti, boneti, rimu, taa nzima, hata altaneta na stata zikijaribiwa. Giaboksi na injini pia huchukuliwa hivyo, kwa sababu mpya haipatikani au bei yake yapita thamani ya gari. Lakini kitu chochote ambacho uhai wake huliwa kwa kutumika, nacho kikikatika mtu huumia, kisinunuliwe kikiwa kimetumika: pedi, hozi za breki, boli jointi, tai rodi, matairi, mkanda wa usalama uliotoka kwenye gari lililogongwa, na mfuko wa hewa wa usukani. Injini ya mtumba yenye mkanda wa taimingi wa mpira, kama hiyo 5A, ibadilishwe mkanda kabla ya kupandishwa garini. Kazi ya dakika chache ikiwa chini, na ya siku ikiwa juu. Tena injini ikibadilishwa, namba yake mpya haina budi kuandikishwa NTSA katika kumbukumbu za gari. Wengi hupuuza, wakaja kuhangaika siku ya kuuza.

Vioo vya pembeni na taa za kona tuviseme kwa sauti ya juu kidogo. Vingi vinavyouzwa vichochoroni kwa bei ya kutupa viling'olewa usiku uliopita mtaa wa pili. Anayevinunua huku akijua, au akiwa na kila sababu ya kujua, amekula haramu na amemlipa mwizi mshahara wa kurudi kwake wiki ijayo. Dai risiti, na duka liwe na mlango.

Kwa kuwa tumeitaja risiti, kuna mambo ambayo fiqhi ya biashara imeyakata wazi na ambayo yafaa kila mnunuzi wa spea ayajue. Twasema kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyo ya wengi wetu pwani. Kauli yenye nguvu ni kuwa kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Basi giaboksi iliyoshonwa ndani ya gunia ifunguliwe kwanza. Wawili wakiuziana, yajuzu kushurutisha muda wa hiari ambao yeyote aweza kuuvunja mauzo, na mwisho wake ni siku 3. Wafanyabiashara wa mitumba mjini wengi hukubali muda wa kujaribu ukiwaomba kabla ya kulipa. Baada ya kulipa huwa umeomba fadhila. Tena ikidhihiri aibu iliyokuwamo kabla ya mauzo na mnunuzi hakuijua, ana haki ya kurudisha hata kama hawakushurutishana lolote. Lakini haki hiyo ni ya papo hapo: ukigundua Jumatatu kuwa altaneta haichaji, ukaendelea kuitumia hadi Ijumaa ukingoja nafasi, umeiridhia. Na yale maandishi ya chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayamtoi muuzaji kwenye dhima ya aibu iliyojificha ndani ya chuma. Wenye maduka wanaotusoma wasikasirike. Nasi twawasomea kile kile kilichosomwa kwao chuoni. Sheria ya nchi nayo ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, kwa wale ambao hukumu ya chuoni haiwatoshi.

La mwisho katika mlango huu lawahusu mafundi, na twalisema kwa mapenzi kwa sababu wengi wao ni wanafunzi wetu. Ukimpa fundi pesa akakununulie spea, yeye ni wakili wako. Bei aliyopunguziwa dukani ni yako, na kile anachopewa na duka "cha chai" kwa kukuleta wewe si mali yake mpaka ukijue na ukiridhie. Tumeona watu wakigombana kwa jambo hili hadi salamu zikakatika. Dawa yake ni nyepesi: mwenye gari amlipe fundi ujira wa kwenda kununua, uliotajwa waziwazi, mbali na ujira wa kufunga. Wengi wenye magari hawataki kulipa ujira huo, kisha hushangaa umejilipa wenyewe. Na kila kilichovuliwa garini urudishiwe ukione, hata kama utakitupa baadaye.

Turejee chini ya gari. Boli jointi ndiyo inayolishikilia gurudumu la mbele lisikunjike. Ikiachana ukiwa mwendoni, gurudumu hulala na usukani hauna tena kazi. Hapo hapana mjadala wa bei: mpya, ya kiwanda kinachojulikana, na pande zote mbili zikaguliwe. Baada yake gari lipelekwe kupimwa alaimenti, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja kabla ya mwaka.

Na matairi. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa halijagusa lami na bado likawa zee, kwa kuwa mpira hukauka kwa joto na jua hata ukiwa umetundikwa dukani. Sisi hatungelipia bei ya jipya kwa tairi lililokaa miaka minne. Kwa lililotumika, kina cha mifereji kikifika milimita 1.6 limekwisha, na wakati wa masika lakwisha kabla ya hapo, maana mifereji ndiyo inayotoa maji. Waliopita Bamburi mvua ya mwezi wa Mei ikinyesha waelewa. Tazama pia namba ya uzito: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibati cha mlango cha gari lako, hasa wewe mwenye Probox ya kubebea makreti ya soda. Ukinunua mawili tu, yafungwe nyuma, ingawa fundi atashangaa. Nyuma ikiteleza kwenye maji, dereva wa kawaida hawezi kuirudisha.

Tabia moja ya gereji za pwani hatuwezi kuipita. Gari likichemka, fundi huivua themostati na kuitupa, akisema nchi hii ina joto na kitu hicho ni cha Ulaya. Themostati ni mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata moto wake, kwa injini nyingi za Toyota za zama hizo kwenye nyuzi zipatazo 82. Bila hiyo injini hukaa ubaridi barabarani, ikala mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Baya zaidi ni kwamba ile sababu ya kuchemka bado ipo: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, kifuniko cha rejeta kisichoshika tena, au maji ya mfereji yaliyotiwa mwaka baada ya mwaka mpaka yakafanya kutu ndani. Themostati mpya, kifuniko kipya na maji maalumu ya rejeta vyote pamoja ni gharama ndogo kuliko kufungua kichwa cha injini mara moja.

Kuhusu maboresho ambayo vijana wetu huyapenda, hatuna uadui nayo. Ila taa zile nyeupe kali, zikitiwa kwenye kikombe kilichotengenezewa balbu ya kawaida ya wati 60 na 55, hutawanya mwanga kila upande. Anayeliendesha gari aona vizuri. Anayekuja mbele yake, pengine mwenye bodaboda aliyempakia mkewe, haoni kitu. Kama taa ni hafifu, kwanza safisha ule upande wa plastiki uliogeuka manjano, badilisha balbu kwa nyingine mpya ya wati zilezile, safisha viunganishi vya waya na mahali pa kufungia waya wa boni. Kutu ya chumvi pale hula mwanga mwingi. Kunyanyua springi kwa vipande vya mpira au alumini hupandisha uzito wa gari juu na kuzipinda pembe ambazo boli jointi zilifanywa zifanyie kazi. Kwa barabara ya shamba twaelewa haja yake, na hapo heri springi ngumu zaidi zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shoki zinazolingana nazo.

Katika zile shilingi 40,000, mwalimu alinunua pedi za mbele za kiwanda mshirika, akabadilisha mafuta yote ya breki, akafunga boli jointi mbili, akapima alaimenti, akanunua matairi mawili yenye tarehe ya karibu. Mkanda mmoja wa nyuma ulikuwa umekwama kwa mchanga na uchafu wa miaka, ukaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ukarudi kuvuta. Wa pili ulibadilishwa kwa mpya, na kwa huo pesa zikaisha. Shoki za nyuma zikangoja, na katika miezi hiyo mitatu mwalimu akapunguza mwendo na mizigo.

Kijana hakupata rimu. Alichopata ni karatasi ya vipimo, nayo twaichapa hapa kwa faida ya vijana wengine wenye gari kama hilo: tundu nne kwa duara la milimita 100; na akitoka kwenye tairi la 175/65 R14 kwenda inchi 15, achukue 185/55, maana kimo cha la kwanza ni takriban milimita 583 na cha la pili 584, hivyo spidomita haitasema uongo wala tairi halitasugua matao. Namba ya uzito ibaki 82 au ipande. Mama ameongeza sharti lake kwa mkono wake chini ya karatasi: shoki kwanza.